Ukuta wa nje haumkingi mtoto na kidimbwi

NI Jumapili alasiri. Wageni wamefika, nyama inachomwa nyuma ya nyumba na vicheko vimejaa sebuleni. Mama anadhani mtoto yuko na baba. Baba naye anadhani mtoto yuko na yaya. Kumbe mtoto huyo wa miaka miwili ametoka kwa mlango wa nyuma, na hatua chache tu zimebaki afike kwenye kidimbwi cha kuogelea. Akitumbukia, huenda hakuna atakayesikia, kwani mtoto mdogo mara nyingi huzama kimya kimya.

Katika mitaa kama Karen na Runda jijini Nairobi, au Nyali huko Mombasa, wenye nyumba hutumia pesa nyingi kujenga ukuta mrefu kuzunguka boma. Ukimwuliza mwenye nyumba kuhusu usalama wa kidimbwi chake, huenda akakuonyesha ukuta huo. Hata hivyo, ukuta huo ulijengwa kumzuia mwizi aliye nje. Mtoto anayepaswa kuzuiwa yumo ndani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hivyo, anayejenga kidimbwi nyumbani hana budi kukizungushia ua wake chenyewe, pande zote nne. Uchunguzi uliofanywa Australia na kwingineko umeonyesha kwamba ua wa pande nne huokoa watoto zaidi kuliko ule wa pande tatu, ambao upande wake wa nne ni nyumba. Sababu ni rahisi: nyumba ina milango, na milango husahauliwa wazi.

Ni ua wa namna gani?

Nchini Australia, ambako vidimbwi vya nyumbani ni vingi, ua hutakiwa uwe na kimo cha mita 1.2 au zaidi, na nafasi kati ya chuma na chuma, au chini ya ua, isizidi sentimita 10. Vipimo hivyo vinaweza kumfaa yeyote kati yetu. Hata mwanafunzi anaweza kuukagua ua wa kwao kwa rula yake ya shule.

Baada ya vipimo, swali ni vifaa. Ukuta wa mawe ni imara, lakini una kasoro moja kubwa: huficha maji. Mzazi aliye jikoni au barazani hataona kinachotendeka upande wa pili. Ua mzuri humzuia mtoto bila kumzuia mzazi kuona.

Vyuma vilivyosimamishwa wima ndivyo vinavyowafaa wengi. Fundi yeyote hodari wa kuchomelea vyuma anaweza kuvitengeneza. Mwambie asiweke vyuma vya kulala katikati, kwa maana mtoto atavigeuza kuwa ngazi. Kwa wakazi wa Pwani, hewa ya chumvi hula chuma upesi. Afadhali kutumia chuma kilichopakwa zinki, au alumini, ambayo ni ghali zaidi lakini haili kutu.

Waya wa wavu, kama ule unaozunguka viwanja vingi vya shule, ni nafuu na huonyesha ndani vizuri. Tatizo lake ni kwamba vidole vya mtoto hupata pa kukanyaga. Wataalamu wa Marekani hushauri kwamba tundu lake lisizidi inchi moja na robo tatu. Seng'enge ya miba usiitumie kamwe. Itamjeruhi mtoto, na bado anaweza kupenya.

Mbao hupendeza, lakini ni lazima zitiwe dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Mbao za kulala ziwe upande wa kidimbwi, ili mtoto aliye nje asizipande. Kioo kigumu cha usalama huonyesha kila kitu, ila bei yake si ya kila mfuko. Ama kuhusu ua wa miti kama kayaba, huchukua miaka kushikamana, na watoto wanajua sana kupenya chini yake. Uwe pambo tu.

Lango ndilo jambo

Ua wa bei ghali wenye lango lisilojifunga ni kazi bure. Bawaba ziwe na springi ili lango lijifunge lenyewe, na komeo lijishike bila kusukumwa. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji. Komeo liwe juu, kama mita 1.5 kutoka ardhini, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Usiliegemeze jiwe lango hilo ati wageni wapite kwa urahisi. Aidha, ondoa viti, mapipa na vyungu vya maua karibu na ua, kwani hivyo pia ni ngazi.

Huenda, mpendwa msomaji, unasema mambo haya ni ya matajiri. Lakini tazama kwako. Tangi la maji lililochimbwa ardhini, shimo la maji taka lenye mfuniko uliopasuka, hata karai la kufulia lililoachwa na maji, vyote vinaweza kumwua mtoto. Mfuniko mzito wenye kufuli na karai lililomwagwa ndio ua wa nyumba hiyo.

Ua si yaya, na hauchukui nafasi ya jicho la mtu mzima. Kazi yake ni kumpa mzazi muda wa kugundua kwamba mtoto hayuko sebuleni, na kumkuta akiwa amesimama langoni, analia afunguliwe.