Pedali laini ya breki
Pedali laini ya breki ni hitilafu ya gari ambapo pedali huzama kuliko kawaida inapokanyagwa, na gari huchelewa kusimama.

Mafuta ya breki hayashindiliki kwa urahisi, hivyo hupeleka nguvu ya mguu hadi magurudumuni. Hewa ikiingia hushindilika, na nguvu hupotea.

Pedali ikikaza baada ya kukanyagwa mara kadhaa, mara nyingi kuna hewa. Ikizama polepole huku imekanyagwa, huenda mafuta yanavuja au mipira ya pampu kuu imechakaa.

Kwanza sehemu mbovu hubadilishwa. Kisha hewa hutolewa: mmoja hukanyaga pedali, mwenzake hufungua skrubu ya kutolea hewa gurudumuni na kuifunga kabla pedali haijaachiwa. Kuongeza mafuta pekee huficha tu hatari.