Uso Uliochelewa Kurudi

Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaana. Kwa akina mama wa Kibirizi, pale Kigoma, wanaonunua dagaa mwaloni na kuwaanika, hiyo ilikuwa miezi mitatu ya mikono mitupu, na waume wako nyumbani kutwa. Mama mmoja tuliyemtembelea huko, ambaye aliomba tusimtaje jina, alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi moja alikunywa uji, ukamchuruzika kidevuni. Akapangusa, akanywa tena, ukachuruzika tena. Mtoto wake mkubwa akamwambia, “Mama, mdomo wako umeenda upande.”

Alikimbilia kioo. Jicho la kushoto lilikataa kufumba. Shavu lilikuwa limelegea, na hata paji la uso upande ule halikukunjamana alipojaribu kuinua nyusi.

Kila aliyeingia mlangoni alikuwa na neno. Wengine walisema ni upepo wa ziwa, wengine wakanong'ona kwamba amepigwa kofi na jini. Mama mkwe alikuja kutoka Ujiji na chupa ya mawese, akawa anamkanda shavu taratibu kila jioni. Jirani mwingine akamkamulia maji ya majani ndani ya jicho. Hivyo wiki mbili zikapita, na alipofika hospitali jicho lilikuwa jekundu kama pilipili.

Mpendwa msomaji, tusiwacheke. Nani kati yetu asingeshtuka? Lakini ni vizuri tujue kinachotokea. Kila upande wa uso una mshipa wake mkubwa wa fahamu. Mshipa huo hutoka kwenye ubongo na kupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio, kisha hugawanyika kwenda kwenye paji, jicho, shavu na mdomo. Ukivimba ndani ya tundu lile hubanwa, na upande mzima wa uso hulala. Daktari wa Uskoti, Charles Bell, ndiye aliyeueleza mshipa huo mnamo 1821, na hali hii ikapewa jina lake. Mara nyingi inadhaniwa kuwa chanzo ni virusi vilevile vinavyoleta vidonda vya homa midomoni. Wajawazito hupatwa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho na siku za kwanza baada ya kujifungua, na mama wa namna hiyo apimwe presha bila kuchelewa. Zipo sababu nyingine pia: sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu, ukoma, virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana daktari akiomba vipimo, tusikasirike.

Je, si kiharusi? Kwa kawaida mwenye kiharusi bado anaweza kukunja paji lake, na huenda mkono au mguu ukalegea au maneno yakapotea. Lakini usikae nyumbani ukipima mwenyewe. Uso ukienda upande ghafla, nenda hospitali siku ile ile.

Siku tatu za kwanza ndizo zenye thamani kubwa. Utafiti uliofanyika Uskoti na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 walioanza dawa iitwayo prednisoloni ndani ya saa 72, kama 94 walikuwa wamepona baada ya miezi tisa. Wasioipata walipona kama 82. Si dawa ya kujinunulia dukani. Mjamzito, mwenye kisukari na mwenye presha lazima waamuliwe na daktari.

Mama yetu wa Kibirizi alikuwa amekwisha kupitwa na siku hizo. Kilichobaki kuokolewa haraka kilikuwa jicho. Jicho lisilofumba hukauka, na kioo chake huingia kidonda kinachoweza kuleta upofu. Fikiria mwanamke anayegeuza dagaa juu ya mchanga, upepo wa mchana ukivuma kutoka ziwani! Alipewa matone ya kulainisha jicho mchana na marhamu ya usiku, akafundishwa kulifumba kwa plasta kabla ya kulala, akaambiwa avae miwani kila atokapo nje. Maji ya majani yalikatazwa kabisa. Madaktari wa macho walioandika kuhusu Tanzania mwaka 1994 waliona kuwa karibu robo ya wagonjwa wao wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Mawese ya mama mkwe yalisamehewa, kwa kuwa yalipakwa shavuni tu na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Ziwa likafunguliwa, karabai zikaonekana tena usiku juu ya maji, na uso bado ulikuwa umelala.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Daktari Peitersen wa Denmark aliwafuatilia wagonjwa 1,701 wasiopewa dawa, na wengi wao walianza kupata nafuu ndani ya wiki tatu. Wale ambao uso ulichelewa zaidi ya hapo mara nyingi walibaki na alama fulani. Mshipa ulioharibika hukua upya, lakini kwa kadiri ya milimita moja tu kwa siku. Tena nyuzi zake huweza kupotea njia, kama mvuvi aunganishaye kamba gizani: uzi wa mdomo ukaishia kwenye jicho.

Mama huyu hakujua hayo. Alikuwa akitafuna bigijii kutwa na kupuliza mapulizo ya watoto ili “kuamsha” shavu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimsimamisha. Nguvu nyingi hufundisha misuli makosa. Badala yake akae mbele ya kioo mara mbili kwa siku, dakika chache, atabasamu kidogo sana, pande zote mbili zikilingana, na asimame mara jicho linapotaka kufumba. Ni kazi ya kuchosha kwa sababu haionekani. Mwezi Oktoba pembe ya mdomo ilitikisika mara moja. Alimwita mume wake aone, na haikutikisika tena hadi kesho yake.

Tulimwuliza mume huyo miezi ile ilikuwaje. Alitazama chini. Alisema kwa muda mrefu alidhani mkewe amemnunia, maana kila alipoleta maneno mazuri uso haukubadilika. Mke naye alidhani mumewe amechoka kumtazama. Walikaa hivyo, ndani ya nyumba ya vyumba viwili, mpaka usiku mmoja mke aliposema waziwazi: “Nikifurahi nitakuambia kwa mdomo, usisubiri uso.” Tunaona kwamba neno hilo lilisaidia kuliko dawa nyingi.

Kwaya aliiacha kwa muda, kwa sababu herufi b, p na m zilimtoroka midomoni. Wenzake hawakumpa mtu mwingine nafasi yake. Aliporudi alisimama mwisho wa mstari wa sauti ya pili, upande wake mzima ukielekea washarika, na sasa amesahau asimame upande gani.

Hajapona kabisa. Akitafuna ugali jicho la kushoto hutoa machozi, na akicheka hufumba lenyewe. Mtoto wake, ambaye sasa anatembea, hajawahi kumwona akicheka kwa namna nyingine. Tulipokuwa tunaaga mama alicheka kwa jambo fulani, na yule mdogo, akiwa ameshika khanga yake, akacheka naye huku amefumba jicho moja.