Kodi ya Vitu Vikuukuu Vinunuliwavyo Ng'ambo

Mwalimu aliye Kitale aweza leo kuketi barazani kwake jioni, akatazama katika simu yake gari lililosimama katika uwanja wa mnada huko Yokohama, akapeleka fedha kwa njia ya benki, na baada ya wiki kadhaa gari hilo likashushwa katika bandari ya Mombasa. Bei aliyoiona katika simu ilimpendeza. Bei atakayotajiwa na wakala wa forodha ni nyingine kabisa. Hapo ndipo lizukapo swali linaloulizwa katika masoko na ofisi za nchi zetu: je, ni haki serikali kutoza kodi ya mauzo juu ya kitu ambacho kilikwisha kutozwa kodi ya namna hiyo siku kilipokuwa kipya, tena katika nchi ya watu wengine?

Kodi ya mauzo ilianzishwa Kenya mwaka 1973, na mwaka 1990 mahali pake pakachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16. Uganda, Rwanda na Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Jina lilibadilika, lakini mchukuzi wa mzigo ni yule yule, yaani mtumiaji wa mwisho. Wanaolalamika wanashika neno hilo hilo. Wanasema kwamba ikiwa kodi hii ni ya mtumiaji wa mwisho, basi Mjapani aliyeendesha gari hilo miaka mitano alikwisha kuilipa, na mwalimu wa Kitale analipishwa deni ambalo si lake.

Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini haina budi kupimwa kwa kuifuata kodi ile ya kwanza na kutazama ilikokwenda. Japani hutoza kodi ya matumizi ya asilimia 10 tangu Oktoba 1, 2019. Mfanyabiashara wa huko anunuapo gari mnadani hulipa kodi hiyo pamoja na bei. Lakini akiisha kulipakia gari melini na kuonyesha hati za kulisafirisha nje, sheria ya Japani humrudishia kodi aliyolipa, kwa sababu kitu kiendacho kutumika nchi nyingine hakitozwi kodi huko kitokako. Maana yake ni kwamba gari hilo huondoka Japani likiwa limevuliwa kodi. Likiingia Kenya bila kutozwa chochote, litakuwa gari lisilolipiwa kodi popote, na litashindana na lile lililounganishwa Thika au Mombasa, ambalo muuzaji wake hana budi kuongeza asilimia 16 katika ankara. Kwa gari kama hilo, basi, malalamiko ya kutozwa mara mbili hayana msingi, na ni afadhali jambo hilo lisemwe waziwazi ijapokuwa halipendezi.

Mambo huwa mengine ikiwa aliyeuza si mfanyabiashara. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliye Uingereza ambaye anauza kamera yake ya zamani katika soko la mtandao wa kompyuta, na mnunuzi ni kijana wa Kisumu anayetaka kuanza kazi ya kupiga picha za harusi. Mwanafunzi huyo alipoinunua ikiwa mpya alilipa kodi ya asilimia 20. Hana leseni ya biashara wala daftari la kodi, kwa hiyo hakuna wa kumrudishia hata senti moja. Sehemu ya kodi ile imebaki ndani ya bei ya kamera, imejificha kama chumvi katika mchuzi. Inapofika Nairobi inatozwa kodi nyingine juu yake. Kijana wa Kisumu ndiye aliye na haki ya kulalamika, na kwa bahati mbaya ndiye asiyesikika, kwa maana waagizaji wa magari wana chama na mawakili, naye ana risiti ya posta.

Nchi za Ulaya zimeitambua kasoro hiyo ndani ya mipaka yao. Kwa sheria yao ya pamoja ya mwaka 1994, mfanyabiashara aliyenunua kitu kikuukuu kwa mtu binafsi aweza kulipa kodi juu ya faida yake peke yake, si juu ya bei yote. Lakini kwa vitu vitokavyo nje ya umoja wao hawakuwa wakarimu hivyo. Julai 1, 2021 waliondoa hata ule msamaha wa kodi waliokuwa wakiutoa kwa vifurushi visivyozidi thamani ya yuro 22. Australia ilitangulia Julai 1, 2018, ikaviagiza vilabu vikubwa vya biashara vya mtandaoni, yaani yale masoko ya kompyuta, vikusanye kodi ya asilimia 10 kwa vitu vya thamani isiyozidi dola 1,000 za nchi hiyo. New Zealand ikafuata Desemba 1, 2019 kwa asilimia 15. Katika nchi zote mbili vitu vikuukuu havikuachwa, na sababu yake ni rahisi kufahamika: vikisamehewa, kila mwuza viatu vipya atavipaka vumbi na kuviita vikuukuu.

Kwetu sisi uzito wa jambo hauko katika ile asilimia 16 yenyewe. Uko katika kitu inachotozwa juu yake. Tuseme gari lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 limefika Mombasa, na thamani yake ya forodha, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, ambao Kenya iliupandisha hadi asilimia 35 mwaka 2023, ni shilingi 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hupigwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao ni shilingi 270,000. Ndipo kodi ya ongezeko la thamani inapokuja mwisho na kutozwa juu ya shilingi 1,620,000, ikawa shilingi 259,200. Kodi iitwayo ya asilimia 16 imegeuka kuwa karibu asilimia 26 ya thamani ya gari. Shilingi 99,200 kati ya hizo ni kodi iliyotozwa juu ya ushuru, na hakuna mnunuzi aliyepata kitu chochote kwa fedha hizo.

Tena ile thamani ya forodha si lazima iwe bei aliyolipa mwalimu wetu. Mamlaka ya Mapato ya Kenya huanza na orodha ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari. Maofisa wana sababu yao, kwani ankara za uongo zilikuwa nyingi, na mtu aliweza kuleta gari zuri akaonyesha karatasi yenye bei ya baiskeli. Lakini aliyenunua kwa bei nafuu kwa uaminifu huadhibiwa pamoja na mwongo. Mwandishi wa maelezo haya aliwahi kusimama dirishani na hati ya benki mkononi, akaambiwa kwa adabu kubwa kwamba hati hiyo haihitajiki.

Wako wasemao kwamba kodi iongezwe hata zaidi ili kuvilinda viwanda vyetu. Rwanda ilifanya hivyo kwa nguo za mitumba mwaka 2016, ilipopandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu iliyokuwa ikizipa nguo za Rwanda. Kama nchi inataka kulinda viwanda, au kuzuia magari yenye moshi mwingi, ushuru wa forodha upo kwa kazi hiyo, na ubishi wake ufanywe Bungeni kwa jina lake. Kodi ya ongezeko la thamani haikuwekwa ili kumwadhibu mtu kwa kununua kikuukuu.

Kinachoweza kufanywa si kikubwa mno. Gari na mashine za wafanyabiashara wa ng'ambo ziendelee kutozwa. Hati ya benki ikubaliwe kuwa ushahidi wa bei, mpaka ofisa aonyeshe kwa maandishi kwa nini anaikataa. Kodi hii ipigwe juu ya thamani ya kitu, nauli na bima, bila kuongezewa ushuru. Na kifurushi kidogo kilichouzwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi, kikiwa kimoja na si katoni kumi za namna moja, kipite. Ofisa akitumia nusu saa kukifungua na kukikadiria kamera ya kijana wa Kisumu, mshahara wa nusu saa hiyo nao unatoka katika kodi.