Usiukate, Haujafa!

Msomaji, umezoea misonobari na mitarakwa yetu ambayo huwa kijani mwaka mzima. Je, wajua kwamba upo mti wa aina hiyo unaopukutisha majani yote?

Unaitwa Metasequoia. Mnamo mwaka wa 1941, mtaalamu wa Japani, Shigeru Miki, aliupa jina hilo baada ya kuchunguza mabaki yake ya kale. Ilidhaniwa ulitoweka zamani, kumbe ungali hai huko Uchina! Mwaka wa 1948, mbegu zake zilifika Boston, Marekani, zikagawiwa bustani nyingi. Leo hii unapamba miji ya Marekani na Ulaya.

Ikiwa una jamaa huko ambaye uani mwake mna mti huu, mwonye mapema. Kabla ya majira ya baridi, majani hugeuka rangi ya kutu, kisha huanguka. Asiyeujua hudhani umekauka, akachukua shoka. Kwanza akwaruze gome la kitawi kwa ukucha. Akiona ubichi, mti u hai.

Anayepanda mche achague penye jua na unyevu, mbali na nyumba na nyaya za umeme, kwani hupita meta 30.

Subira huvuta heri.