Mlio Usiokoma Masikioni mwa Askari

Askari atokaye katika uwanja wa shabaha aghalabu huondoka na mlio mwembamba masikioni, mithili ya nyenje wa usiku au filimbi ya mbali isiyopumua. Mara nyingi mlio huo hunyamaza kabla ya mapambazuko, naye husahau. Lakini wako ambao siku moja haukunyamaza, wala haukunyamaza siku zilizofuata, hata ukawa mwenzi wao mezani, kitandani na lindoni. Watu hao hawakosekani katika jeshi lolote duniani. Nchini Marekani mlio wa masikio ndio unaoongoza miongoni mwa madhara ambayo wanajeshi wastaafu hulipwa fidia kwayo, na wanaolipwa wamepita milioni 2. Umewatangulia hata wenye magoti na migongo mibovu.

Wako wasemao kwamba sikio likilia kuna mtu anayekutaja. Wengine hudhani ni mashetani, au ni mwanzo wa wazimu. Sivyo. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa mfano wa konokono, na humo zimepangwa chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Sauti iingiapo, vinyweleo hutikisika kama mtama mbele ya upepo, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa ishara ipelekwayo ubongoni na mshipa wa fahamu. Kishindo kikubwa huvikunja au kuvivunja. Chembe hiyo ikifa, kwa binadamu haioti tena. Kuku amejaliwa zaidi katika jambo hili, kwani zake huota upya. Wataalamu waligundua hivyo katika miaka ya 1980, na hadi leo wangali wanaitafuta siri hiyo.

Ubongo unapokosa habari kutoka sehemu iliyoharibika, hufanya kama askari wa mawasiliano aliyepoteza kituo: huongeza nguvu ya redio yake ili asikie, naye huambulia mvumo wa mashine yenyewe. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopenya sauti. Baada ya dakika chache tu, asilimia 94 kati yao walisema wanasikia milio. Yaani mvumo huo karibu kila mtu anao. Kwa aliyeumia masikio, umepandishwa tu. Ndiyo maana mlinzi wa usiku, aliye peke yake penye ukimya, huusikia mkali kuliko mchana, na pengine hushindwa kuutenga na mchakacho wa nyayo gizani. Hatari hiyo si yake peke yake.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mtu aweza kukaa penye desibeli 85 kwa saa 8 bila madhara makubwa. Lakini kila desibeli 3 ziongezekapo, muda hupunguzwa nusu, hata penye desibeli 100 akabakiwa na dakika 15. Mlio wa bunduki ya kivita karibu na sikio la mpigaji hupita desibeli 140, na hapo hakuna tena hesabu ya saa: risasi moja yaweza kutosha. Kuona aibu kuvaa vizibo vya masikio mbele ya wenzako ni ushujaa wa bure. Wala si kuvaa tu, bali kuvaa sawasawa. Kizibo cha sponji husokotwa kikawa chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kitutumke. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ya Marekani ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza mashtaka ya wanajeshi waliodai kwamba vizibo walivyopewa vilikuwa vifupi na havikuziba vema, ingawa kampuni haikukiri kosa.

Si kelele tu zinazoleta mlio. Kwinini, iliyowatibu wengi malaria katika Afrika Mashariki, huliza masikio, na kwa kawaida hunyamaza dozi ikiisha. Aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Streptomaisini, sindano ya kifua kikuu, yaweza kuacha madhara ya kudumu. Na pengine kisa chote ni nta iliyoziba sikio, ambayo mganga huiondoa kwa dakika chache. Nta hiyo isichokolewe kwa njiti ya kiberiti.

Kwa aliyeumizwa na kelele, hakuna kidonge cha kuuondoa mlio, na auzaye kidonge hicho anauza maneno. Lakini ubongo hufundishika. Mtu aliyehamia kando ya reli, baada ya miezi kadhaa hulala treni zikipita. Masikio yake yangali yanasikia, ila ubongo umekwisha amua kwamba jambo hilo halina hatari. Mlio nao huweza kufifia hivyo, madhali mwenyewe haukabili kila saa kwa hofu na hasira. Redio ya sauti ya chini kando ya kitanda, au feni, huuvunjia ukimya nguvu. Asiyesikia vema akipewa chombo cha kusaidia kusikia, mara nyingi mlio hupungua. Pombe hailetei usingizi wa kweli. Na aliyekwisha kata tamaa, asiyelala wala kuona haja ya kuishi, amweleze mganga hayo pia, kwani mazungumzo ya utaratibu maalumu na mtaalamu wa nafsi yamewasaidia wengi.

Wengi hunyamaza wakichelea kuondolewa kazini. Hofu hiyo ina msingi, na kamanda anayemdhihaki askari aliyejieleza huwafundisha wengine kuficha. Lakini ziko dalili zisizofaa kufichwa hata siku moja: mlio wa sikio moja tu, mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au unaoandamana na kizunguzungu. Na sikio lililoziba ghafla, hata bila maumivu, linatakiwa lifikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa zake hufaa zikianza mapema, nazo hupoteza nguvu kadiri majuma yanavyopita.