Ubongo wa mtoto unamhitaji baba pia

Tia maharagwe machache ndani ya chupa tupu ya maji, funga kizibo, umpe mtoto wa mwaka mmoja. Ataitikisa, atasikia mlio, atakutazama. Ukiichukua ukaitikisa nawe, kisha ukamrudishia, atacheka na kurudia. Hapo seli za neva za kusikia, za kuona na za kuongoza mkono zinafanya kazi kwa pamoja, na njia inayoziunganisha inaimarika. Miaka ya mwanzo ubongo huunda zaidi ya miunganiko milioni moja kila sekunde, kisha huipunguza kama mkulima anavyong'olea miche: inayotumika hubaki. Mtoto akitimiza miaka mitatu, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Michezo kama huo imejaribiwa na familia nchini Rwanda. Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, ni mojawapo ya wilaya tatu, pamoja na Nyanza na Ngoma, ambako watafiti wa Boston College na Chuo Kikuu cha Rwanda waliupima mpango wa malezi uitwao Sugira Muryango. Familia 1,049 maskini zenye watoto wa miezi 6 hadi 36 zilishiriki, na takriban nusu yake zilitembelewa nyumbani. Kila mara mgeni alikaa akitazama wazazi wakicheza na mtoto kwa dakika 15, akiwaelekeza papo hapo. Walizungumza pia kuhusu lishe, usafi na ugomvi wa mke na mume.

Ugomvi unaingiaje? Mtoto anayeishi kwa hofu, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli mara kwa mara, na ikizidi kwa muda mrefu huvuruga sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na utulivu.

Ziara zilipokwisha, adhabu za vipigo zilikuwa zimepungua na akina baba walishiriki zaidi katika malezi. Maendeleo ya watoto wenyewe hayakuonyesha tofauti mara moja. Mwaka mmoja baadaye ndipo waliotembelewa walipowapita wenzao katika kuwasiliana, kutembea na kutatua matatizo. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu miradi mingi huhukumiwa kabla ubongo haujapata muda wa kujibu.

Baadaye kazi ya kutembelea familia ilikabidhiwa Inshuti z'Umuryango, wahudumu wa kujitolea, mwanamume na mwanamke katika kila kijiji. Baba naye ana nafasi yake: mama wa Gisenyi anayevuka mpaka wa Kongo kwenye kituo cha Petite Barrière alfajiri kwenda kuuza mboga Goma hurudi jioni amechoka. Dakika 15 hizo za kucheza na mtoto baba anaziweza, na chupa ya maharagwe haina gharama.