Kibonzo kikigeuka filamu, nani humiliki hadithi?

MNAMO Februari 13, 2018, mji wa Kisumu ulipata heshima ya kuwa wa kwanza barani Afrika kuzinduliwa filamu ya Black Panther, siku chache kabla ya filamu hiyo kufika katika kumbi nyingine za bara hili. Heshima hiyo ilitokana na mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyeigiza kama Nakia, ambaye babake, Profesa Anyang' Nyong'o, alichaguliwa gavana wa Kaunti ya Kisumu mwaka 2017.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 kote duniani na kutwaa tuzo tatu za Oscar mwaka 2019. Hata hivyo, mfalme T'Challa wa Wakanda hakuzaliwa katika sinema. Alizaliwa katika kitabu cha vibonzo, toleo la 52 la Fantastic Four, mwaka 1966, kwa ushirikiano wa mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby.

Licha ya kumbuni, wawili hao hawakummiliki. Haki zote zilikuwa za kampuni ya Marvel, ambayo nayo ilinunuliwa na Disney mwaka 2009. Tofauti hiyo baina ya kubuni na kumiliki ndiyo inayopaswa kueleweka na kila kijana wa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori anayechora vibonzo kwa matumaini kwamba siku moja vitaonekana kwenye runinga.

Kalamu ya kukodiwa

Kwa miaka mingi, kampuni za vibonzo za Marekani ziliwalipa wachoraji kwa kila ukurasa. Mchoraji akishapokea malipo yake, wahusika, michoro na hadithi vilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130 pekee. Kampuni ilivuna mamilioni kutokana na vitabu, vipindi na filamu, ilhali wawili hao walizeeka wakiwa katika dhiki. Ni mwaka 1975 tu, baada ya kelele za umma, ambapo walianza kulipwa malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka.

Kirby alifariki mwaka 1994. Mwaka 2009 watoto wake walijaribu kurejesha haki za wahusika aliowachora, lakini mahakama ziliamua kwamba alivichora kama kazi aliyoagizwa na Marvel, hivyo hakukuwa na haki ya kurejeshwa. Mzozo huo ulimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2014.

Walioshika mpini

Mwaka 1992, kundi la wachoraji mashuhuri waliokuwa wakiichorea Marvel lilijitenga na kuanzisha kampuni ya Image Comics. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleweka: kampuni huchapisha kitabu na kukata ada yake, lakini hadithi na wahusika hubaki mali ya aliyewabuni. Mtayarishaji wa filamu anayeitaka hadithi hana budi kuzungumza na msanii mwenyewe.

Matunda yake yalionekana. Spawn, kazi ya Todd McFarlane, iligeuzwa filamu mwaka 1997. The Walking Dead, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwandishi Robert Kirkman na mchoraji Tony Moore, ilianza kuonyeshwa kwenye runinga ya AMC mwaka 2010 na kuendelea hadi 2022. Danai Gurira, aliyeigiza kama jemadari Okoye katika Black Panther, alikuwa ameshajipatia sifa katika mfululizo huo.

Lakini kumiliki hadithi si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2012 Moore alimshtaki Kirkman kuhusu mgao wake, na kesi hiyo ikaisha kwa makubaliano mwaka huohuo. Baadaye Kirkman naye aliishtaki AMC kuhusu faida. Mwaka 2020 jaji wa Los Angeles aliamua kwamba maneno ya mkataba kuhusu namna ya kukokotoa faida yaliipa AMC uwezo iliodai kuwa nao. Mwenye mali alikuwa na haki, ila mkataba ndio uliopanga hesabu.

Safari ya nyumbani

Kenya si mgeni katika sanaa hii. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka kwa miaka mingi na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, na katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ukasimulia ngano za Wakenya kwa michoro. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, aliwapa wasomaji Akokhan.

Njia ya kutoka karatasini hadi kwenye skrini pia imeshapitwa na wasanii wa eneo hili. Mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania, alianzisha kipindi cha vikaragosi cha XYZ Show kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2009. Hamid Ibrahim kutoka Uganda ni mmoja wa waanzilishi wa Kugali, kampuni iliyochapisha vibonzo vya Kiafrika na baadaye kushirikiana na Disney kutengeneza Iwájú, iliyotolewa mwaka 2024.

Lupita mwenyewe alitoa kitabu cha watoto chenye picha mwaka 2019, kiitwacho Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo. Mwaka 2021 Netflix ilitangaza mpango wa kukigeuza filamu ya katuni, Lupita akiwa miongoni mwa watayarishaji. Katika Black Panther alilipwa kwa kuigiza. Katika Sulwe aliketi mezani kama mwenye hadithi.

Sheria yasemaje

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye haki mamlaka ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa, kutafsiriwa au kugeuzwa kuwa kazi ya aina nyingine, ikiwemo filamu. Haki hiyo hudumu maishani mwa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake.

Mtego umo katika kifungu cha 31. Kazi inayofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, au iliyoagizwa na mtu mwingine kwa mkataba, huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa pande hizo mbili zikubaliane vingine. Maana yake ni kwamba mchoraji wa Kisumu anayeagizwa na shirika au mchapishaji kuchora kibonzo anaweza kumpoteza mhusika wake kwa kunyamaza tu. Hubaki na haki ya kutajwa kuwa mbunifu na ya kupinga kazi yake isiharibiwe, lakini fedha za filamu zitafuata njia nyingine.

Lwanda Magere ni wa nani?

Ufuo wa ziwa una utajiri wa visa. Kuna Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mikuki haikuupenya mwili wake kwa kuwa nguvu zake zilikuwa kivulini, hadi mke aliyetoka kwa maadui alipoigundua siri hiyo. Kuna pia Simbi karibu na Kendu Bay, kijiji kinachosimuliwa kuwa kilifunikwa na maji baada ya wenyeji kumnyima bikizee hifadhi.

Hakuna mchoraji awezaye kudai kuwa Lwanda Magere ni wake. Anachomiliki ni michoro yake, mazungumzo aliyoyaandika na mpangilio wa matukio alioubuni. Aidha, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inatambua haki za jamii, inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista, na kumtaka anayezitumia nje ya desturi apate idhini.

Kabla ya kutia sahihi

Msanii ana mambo kadhaa ya kuzingatia. Kwanza, kila kazi ya kuagizwa iwe na maandishi yanayosema hakimiliki inabaki kwa nani. Pili, wanaoshirikiana, mmoja akiandika na mwingine akichora, waandikiane mgao wao kabla ya kitabu kutoka. Tatu, ruhusa ya kuchapisha itenganishwe na ruhusa ya kutengeneza filamu. Nne, mtayarishaji akilipia kushikiliwa kwa haki za filamu, muda utajwe, na ukipita bila filamu kutengenezwa haki zimrudie msanii. Tano, mkataba ueleze mrabaha utakokotolewa kutokana na mapato yapi.

Kazi yenyewe inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usajili si sharti la kupata haki, lakini ni ushahidi wenye uzito panapotokea mzozo. Kwa mujibu wa sheria, hakimiliki haiwezi kuuzwa kwa maneno matupu. Ni lazima pawe na maandishi yaliyotiwa sahihi na mwenyewe. Kalamu iliyochora shujaa ndiyo pia inayoweza kumtoa mikononi mwa mchoraji, na hapo mahakama huwa na machache ya kumsaidia.